Ukichora mtu kutoka picha ya zamani

Kuna mama wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliyeniletea picha ya marehemu baba yake, ndogo kama ganda la kiberiti, pembeni ina tundu la pini yenye kutu. Ilikuwa ya kitambulisho cha kazi, enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Nikapiga miraba, nikaihamishia kwenye turubai, mkunjo kwa mkunjo. Ile kola ya shati nilijivunia hasa. Mama alipokuja aliitazama, akakaa kimya, kisha akasema: "Fundi, hii ni kitambulisho. Baba iko wapi?"

Alilipa. Mimi ndiye niliyeona aibu kupokea.

Siku hizi sifungui rangi kabla ya kuuliza. Siulizi alikuwa mtu wa namna gani, maana kila marehemu alikuwa mwema. Nauliza: akiitwa kwa nyuma aligeukaje? Akingoja bukari, yaani ugali, mikono aliiweka wapi? Yule mama aliniambia mashine za kiwandani zilimharibia baba sikio la kushoto, kwa hiyo ukizungumza naye alikuletea la kulia, kidevu kimeinuka kidogo, ukadhani anakukatalia kumbe anakusikiliza. Kwenye picha hilo halimo. Mpiga picha alimkalisha wima. Nikachora upya, bure, shingo ikiwa imegeuka. Kola safari hii niliipitishia brashi mara mbili, basi.

Jingine: msiuamini weusi wa picha. Filamu nyingi za mwanzo wa karne ya 20 hazikuuona wekundu, hivyo chochote chenye wekundu kilitoka kimeiva kupita kiasi, na ngozi zetu zina wekundu mwingi. Ukiifuata picha unapata mtu wa makaa. Mimi naanza na rangi ya udongo wa vichuguu vya huku kwetu, mashavuni naongeza kijani kidogo, kivuli nakitia buluu. Watu huniuliza kijani cha nini. Nawaambia warudi nyuma hatua tatu.

Macho ndiyo yalinisumbua zaidi, kwa sababu macho ya picha za kitambulisho huwa yameduwaa. Nimejifunza kwa wazee wa mbali. Sanamu za mababu za Wahemba, watu wa mashariki mwa Kongo, zina kope zilizoshuka, mikono tumboni, uso umetulia kama maji ya mtungi. Na kuna nyuso za Fayum, Misri, za zama za Warumi, zilizochorwa kwa nta juu ya mbao nyembamba na kuwekwa usoni pa maiti: macho makubwa, yanakufuata. Mpole nampa kope za Kihemba. Yule ambaye akiingia nyumbani watoto walinyamaza, nampa macho ya Fayum. Niliwahi kuchanganya yote mawili kwenye uso mmoja, akatoka kama mtu aliyeamshwa na mwizi.

Mkono ukianza kunakili tena, naweka brashi chini, natumia vidole, kama Bela, mmoja wa wachoraji wa Hangar, karakana iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1946. Kidole hakiwezi kuchora kifungo cha shati.

Juzi nilipita Kamalondo. Mchoro wa pili umetundikwa juu ya redio, na mama akiusalimu asubuhi bado anapandisha sauti.