Kwa anayeanza kuchambua data za LIP (eneo la ubongo linalohusika na kuelekeza macho): usiamini mteremko wa wastani upesi

Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza. Kima anakazia macho alama ya katikati. Nukta zinaanza kutembea, nyingine ovyo, nyingine kwa pamoja. Akishajua zinaelekea wapi, anarusha jicho upande huo. Katika kazi ya Roitman na Shadlen ya 2002, nukta zilizotembea kwa pamoja zilikuwa asilimia 0, 3.2, 6.4, 12.8, 25.6 au 51.2.

Seli za MT, eneo la ubongo linalochakata mwendo unaoonekana, huitikia mwendo kwanza. Zile za LIP huanza kutofautisha pande mbili kama milisekunde 200 baada ya nukta kuanza kutembea. Mwendo ukiwa dhahiri mapigo (ishara za umeme za seli) hupanda kwa kasi, ukiwa hafifu hujikongoja; kupanda huko ndiko tunakoita mteremko. Ila ukizipanga data kwa kurudi nyuma kutoka pale jicho liliporuka, mistari yote hukutana karibu na mapigo 70 kwa sekunde, milisekunde 70 hivi kabla ya mruko.

Kwa hiyo chora mara mbili: kuanzia nukta, kisha kuanzia mruko. Katika mchoro wa kwanza ndiko wengi hukosea. Majaribio mepesi huisha mapema, jicho likisharuka mapigo huporomoka, na ukiyaacha humo mstari wa wastani unainama kana kwamba seli imechoka. Kata kila jaribio milisekunde 100 kabla ya mruko, na usichore kupita muda wa kati (median) wa majibu.

Wakati wa mruko uutafute kwenye rekodi ya jicho yenyewe. Muhuri wa kompyuta wa jicho kuingia kwenye shabaha huchelewa, maana mruko nao una urefu wake. Anza na kigezo cha kasi ya nyuzi 30 kwa sekunde, kisha fungua majaribio 50 uyakague moja moja kwa macho. Kazi hiyo inachosha, lakini haina mbadala. Kichujio cha kulainisha nacho kiangalie nyuma tu. Kinachochota pande zote mbili huleta mapigo ya baadaye kabla ya wakati wake.

Halafu mteremko wenyewe. Seli inayoruka ngazi moja ghafla, kila jaribio kwa wakati wake, nayo ikifanyiwa wastani hutoa mteremko laini. Latimer na wenzake waliibua hoja hiyo 2015, na ubishi ukawa mkali. Mwaka uliofuata Katz na wenzake walizima LIP na chaguo za wanyama hazikubadilika sana, ilhali kuzima MT kuliziharibu vibaya. Kwenye ripoti yako andika kwamba mapigo ya LIP “yanaenda sambamba na” uamuzi. Neno “yanasababisha” lisubiri jaribio la kuzima.