Neno "tawdry" kwa watembeza wageni wapya wa Amu

Wadogo zangu mnaoanza kutembeza wageni hapa Amu, yaani Lamu, leo nawausia juu ya neno moja tu la Kiingereza: tawdry, litamkwalo todri. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama na wageni mbele ya mlango wa nakshi nikawaambia ni tawdry, nikidhani maana yake ni kitu kilichopambwa sana. Mzee mwenye nyumba alikuwa barazani, na Kiingereza anakijua. Aliumia. Ilinibidi nirudi jioni kumwomba radhi.

Neno hili ni la kudharau. Kitu ni hafifu, kimefanywa ovyo, na juu ya hayo kinalazimisha kutazamwa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hicho kijitembezacho ndicho tawdry. Hata kashfa ya aibu Waingereza huiita hivyo.

Asili yake itawasaidia kukumbuka. Uingereza ya kale palikuwa na malkia Etheldreda, aitwaye pia Audrey, aliyeanzisha nyumba ya watawa huko Ely mwaka 673. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni, na husimuliwa kuwa mwenyewe aliuona ni malipo ya kupenda mikufu ujanani. Karne nyingi baadaye, kwenye gulio la sikukuu yake, ziliuzwa tepe za shingoni zikiitwa lesi za Saint Audrey, yaani Mtakatifu Audrey. Litamkeni jina hilo upesi: ile t ya Saint inanata kwa Audrey, na tawdry inazaliwa. Lesi zilipoonekana duni, neno likachukua uduni huo.

Sasa tazameni kazi zetu. Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umejaa nakshi za chokaa chini hadi juu, na si tawdry hata chembe, kwa sababu kila mkato umepita mkononi mwa fundi. Wingi wa pambo si kosa. Hapo semeni ornate. Rangi zikipiga kelele, hata kwenye kitu cha thamani, neno ni gaudy. Tawdry iwekeni kwa ubao mwepesi uliopakwa rangi ya dhahabu ukauzwa kama mlango wa kale.

Na mgeni akilitamka dukani, msiitikie ili kumpendeza. Mpeni kofia ya vito, ile yetu ya kushonwa vitundu vitundu, aigeuze ndani nje, aone kila kitundu kilivyozungushiwa uzi kwa mkono.