Nakala Ipi ya Makala Yangu Iwekwe Katika Hifadhi Huria?

SWALI: Ndugu Mhariri, makala yangu imetoka katika jarida la kulipia, na watafiti wenzangu wengi hawawezi kuisoma kwa sababu vyuo vyao havilipii jarida hilo. Nasikia ninaweza kuiweka mwenyewe katika hifadhi ya kidijitali ya chuo changu, lakini nilitia saini mkataba wa kumkabidhi mchapishaji hakimiliki, nami naogopa kuuvunja. Je, ninaruhusiwa? Na kama naruhusiwa, haitoshi kuipandisha kwenye mtandao wa kijamii wa watafiti?
Mhadhiri, sayansi ya jamii

JIBU: Ndugu Mhadhiri, yamkini unaruhusiwa, ila ruhusa hiyo huhusu nakala maalumu ya makala, wala si kila nakala uliyo nayo. Makala moja huwa na sura tatu: rasimu uliyoipeleka jaridani kabla wahakiki hawajaisoma, mswada uliokubaliwa, yaani ule uliokwisha kurekebishwa kufuatana na maoni ya wahakiki lakini haujapangwa kurasa, na nakala rasmi yenye nembo na namba za kurasa za jarida. Wachapishaji wengi huruhusu mswada uliokubaliwa uwekwe katika hifadhi ya taasisi, mara nyingi baada ya kipindi cha zuio, yaani muda ambao mswada hauruhusiwi kusomwa hadharani, ambacho huwa miezi 6, 12 au hata 24, ilhali nakala rasmi kwa kawaida hawairuhusu, isipokuwa imechapishwa kwa leseni huria, yaani ruhusa ya kila mtu kuisoma na kuisambaza.

Tatizo ni kwamba mswada huo ndio waandishi wengi wasiokuwa nao tena. Makala ikishatoka, mtu hupakua nakala rasmi, akairidhia, na faili la mwisho alilomtumia mhariri likapotea katika kompyuta iliyokwisha kubadilishwa. Kama yamekukuta hayo, ingia katika mfumo wa jarida ulimowasilishia makala, kwa kuwa mara nyingi faili hubaki humo, au umwombe mwandishi mwenza aliyekuwa akiwasiliana na mhariri. Usichukue nakala rasmi ukaifuta nembo, maana mpangilio wake wa kurasa unabaki kuwa wa mchapishaji. Kuanzia sasa, siku unapopokea barua ya kukubaliwa, hifadhi faili hilo mahali pa salama na ulipeleke kwa mkutubi wako siku hiyohiyo.

Ili kuondoa hofu uliyo nayo, usome upya mkataba ulioutia saini, kwa sababu mikataba mingi ya kukabidhi hakimiliki huwa na kifungu kinachomrudishia mwandishi haki ya kuhifadhi mswada wake. Kisha linganisha na sera ya jarida katika hifadhidata ya Sherpa Romeo, iliyoanzishwa Uingereza na ambayo sasa Jisc, shirika la huduma za kidijitali kwa vyuo vya huko, inaiendesha kwa jina la Open Policy Finder. Humo sera za wachapishaji zimepangwa kwa kila jarida na kwa kila nakala.

Zuio lisikufanye usubiri. Hifadhi nyingi zinakubali faili lililofungwa hadi tarehe fulani, huku jina la makala, waandishi na ikisiri vikionekana tangu siku ya kwanza, na nyingine zina kitufe ambacho msomaji hukibonyeza kukuomba nakala moja kwa matumizi yake. Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, chini ya mkuu wake Bernard Rentier, kiliamua kwamba katika kupandisha watumishi vyeo zihesabiwe tu kazi zilizowekwa katika hifadhi yake ya ORBi, iliyofunguliwa mwaka 2008. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulifanya zaidi ya mahubiri mengi, kwa kuwa uliifanya kazi ya kuhifadhi kuwa sehemu ya kazi ya utafiti yenyewe.

Kuhusu mtandao wa kijamii, hapana, hautoshi. Ni mali ya kampuni inayoweza kubadili masharti yake au kumtaka msomaji ajisajili kwanza, na haikuahidi kutunza kazi yako kwa vizazi. Aidha mwaka 2017 wachapishaji Elsevier na American Chemical Society waliishtaki ResearchGate, mmojawapo wa mitandao hiyo, nchini Ujerumani kwa ajili ya makala zilizopandishwa humo. Hifadhi ya chuo huipa kazi yako anwani ya kudumu, nayo mitambo ya kutafutia makala huisoma kwa urahisi.

SWALI: Nikiweka rasimu hadharani kabla ya kuipeleka jaridani, je, jarida halitasema kwamba nimekwisha kuichapisha?
Mwanafunzi wa uzamivu

JIBU: Katika fizikia na hisabati desturi hii ni ya kawaida tangu Paul Ginsparg alipoanzisha arXiv, hifadhi ya rasimu mtandaoni, mwaka 1991, na katika tiba ilipata nguvu hifadhi kama hiyo ya medRxiv ilipofunguliwa mwaka 2019. Majarida mengi hayahesabu rasimu kuwa uchapishaji, lakini machache bado huikataa, kwa hiyo soma sera ya jarida unalolikusudia kabla ya kupandisha chochote, kwani rasimu ikishapewa namba ya kudumu ni vigumu kuiondoa. Makala itakapotoka, ongeza kwenye rasimu kiungo cha nakala rasmi, ili msomaji ajue ipi aitaje.