Vidoa na kinundu baada ya fila

SWALI: Nina miaka 36, ngozi yangu ni nyeusi. Wiki tatu zilizopita nilichomwa fila (sindano ya kujaza ngozi) kwenye mikunjo ya kutoka puani hadi mdomoni. Sindano zilipopita pamebaki vidoa vyeusi, na kushoto nahisi kinundu. Rafiki yangu mweupe alichomwa siku hiyohiyo, hana doa. Nipake mkorogo? – Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Mkorogo uache kabisa, dada. Vidoa hivyo si fila. Ni rangi ya ngozi yako mwenyewe. Kila tundu la sindano ni jeraha, na ngozi nyeusi ikijeruhiwa huzalisha melanini, ile rangi yake, kupita kiasi. Ndiyo maana mchomaji anayezijua ngozi zetu hupenda kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu, inayopita kwenye tundu moja au mawili, kuliko kudungadunga mkunjo mzima. (Mwenye keloidi, yaani makovu yanayovimba, aseme mapema.)

Vingi hufifia ndani ya miezi kadhaa ukivikinga na jua. Paka krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, hasa ile yenye rangi: oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga unaoonekana. Rudia kila saa 2 ukiwa nje, na kusubiri kivuko pale Kamanga ni kuwa nje. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 husaidia. Mkorogo mara nyingi una steroidi kali au zebaki, na steroidi ikipakwa juu ya kinundu chenye vijidudu huficha ugonjwa huku ukiendelea.

Kinundu kikiwa laini na hakiumi, huenda ni fila iliyojikusanya. Ila kinaweza kuwa na maambukizi; usingoje wekundu, kwako hauonekani vizuri. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na shavu la pili. Kina joto, kinauma au kinakua? Usikikande, muone daktari wa ngozi, maana maambukizi hutibiwa kwanza. Nenda na jina la fila na namba ya toleo. Ya asidi ya hayaluroniki huyeyushwa kwa sindano ya dawa iitwayo hayaluronidesi; silikoni haiyeyuki.

Kwa wanaojiandaa kuchomwa, hatari kubwa ni fila kuziba mshipa wa damu. Wengi wamefundishwa kutafuta ngozi iliyopauka. Kwenye ngozi nyeusi mpauko huo hujificha, au huonekana kama kijivu tu. Bonyeza ngozi sekunde 5, achia: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, au ikirudi polepole kuliko upande wa pili, shtuka. Funua mdomo, angalia ndani na kwenye ufizi. Michirizi kama wavu wa dagaa nayo ni dalili, na maumivu makali pia, ingawa ganzi iliyochanganywa kwenye fila huweza kuyaficha. Hayaluronidesi ichomwe saa hiyohiyo, si kesho. Jicho likiingia giza, kimbilia hospitali kubwa kama Bugando. Hapo zinahesabiwa dakika.

Kabla hujalala kitandani, mwambie mchomaji akuonyeshe chupa ya hayaluronidesi. Akisema ataiagiza ikihitajika, chukua mkoba wako uondoke.