Kumfuatilia mfungwa aliyepelekwa Australia: shika meli, jina litakupoteza

Nyie mnaoanza kufukua habari za wafungwa ambao Waingereza waliwapeleka Australia, kuna kitu mi nilichelewa sana kukijua, jina ndo la kuaminiwa mwisho kabisa. Walipelekwa watu kama 162,000 kati ya 1788 na 1868, majina yanafanana mno, na makarani waliandika walivyosikia.

Mi nilikuwa namtafuta William Cuffay, fundi nguo mweusi wa London, baba yake alitokea St Kitts, kisiwa cha Karibi, na aliwahi kuwa mtumwa, mwenyewe kazaliwa Chatham, Uingereza, 1788, baadaye akawa kiongozi wa Wachartisti, wale waliodai kila mwanaume apige kura. Siku nne nzima naandika Cuffay nakutana na vipande tu, kumbe kwingine kaandikwa Cuffey, kwingine Cuffy. Toka hapo kabla sijafungua kompyuta naorodhesha kwenye daftari kila namna jina linavyoweza kuharibika.

Kesi yake ilikuwa Old Bailey mwaka 1848, kumbukumbu za mahakama hiyo zipo bure mtandaoni. Ukishapata hukumu shika meli. Kule Tasmania, kisiwa cha Australia alikopelekwa, meli ilimganda mtu kama jina la ukoo, kila karatasi ni fulani wa meli fulani, na Cuffay ni wa meli ya Adelaide iliyofika Hobart, mji wa huko huko, Novemba 1849. Ukiwa na meli na mwaka humchanganyi tena na mtu.

Alafu karatasi za wajihi, hapo usikimbie: urefu, rangi ya macho, makovu, tatuu. Cuffay alikuwa na futi 4 na inchi 11 tu na mgongo wenye ulemavu, kwa hiyo ukimkuta Cuffay wa futi 6 achana naye, si wako.

Kwenye karatasi ya mwenendo, ile inayoandika tabia na adhabu za mfungwa, watu wanasoma adhabu tu wanasahau viherufi vya pembeni, T.L. ni kibali cha kujitafutia kazi huku kifungo kinaendelea, C.P. ni msamaha wenye masharti. Mwandiko unaumiza macho kwa kweli, we kuza picha unakili hata usichokielewa, kesho yake kinasomeka.

Wengi wanaishia kwenye msamaha na hapo ndo nawasihi msiache jamani. Cuffay alisamehewa 1856, angeweza kurudi, akabaki, mkewe alikuwa keshamfuata toka 1853, akaendelea kushona na kutetea wafanyakazi. Serikali ikiacha kumwandika mtu ingia kwenye magazeti, Trove, tovuti ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa ya Australia, haina malipo, ukimaliza huko tafuta rejista za nyumba za wazee maskini. Cuffay alifia kwenye nyumba ya namna hiyo, Brickfields, Hobart, Julai 1870, ana miaka 82. Mi nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwamba kapotea, iliniuma sana kulifuta hilo neno, miezi mitatu nilikuwa sijafungua rejista hata moja ya huko.