Maswali ya Wasomaji: Samaki wakiwa haba, nani avue kwanza?

Swali: Mama, shikamoo. Mimi ni mtu wa Uvira, sasa naishi Anchorage, jimbo la Alaska, pamoja na familia. Kwetu nilivua mukeke na ndakala usiku kwa taa, na hakuna aliyeniuliza nyumba yangu iko mtaa gani. Hapa kazini nina rafiki Myup'ik, yaani mmoja wa wazawa asilia wa Alaska, mzaliwa wa kijiji kilicho kando ya mto Kuskokwim. Mto ulipofungwa kwa sababu samaki aina ya samoni wamepungua, mama yake na kaka zake waliruhusiwa kutega nyavu siku chache. Yeye alipotaka kwenda kuwasaidia akaambiwa haruhusiwi, kisa anakaa Anchorage. Mwalimu mzungu aliyehamia kijijini kwao, yeye ruksa. Wazee wa hapa wanasema bunge la jimbo lilishakaa vikao maalumu juu ya jambo hili na likatoka mikono mitupu. Ni kweli? Na sisi wageni tuko fungu gani?
*Mvuvi wa Uvira, Anchorage*

Jibu: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na kimoja nilikifuatilia kwa macho yangu. Mwaka 1999 nilikuwa naosha masufuria katika jiko la hospitali moja hapohapo Anchorage, kabla sijaingia kwenye ukalimani. Chumba chetu cha kupumzikia kilikuwa na televisheni, na mwezi Septemba mama mmoja wa Kiyup'ik, mfanyakazi mwenzetu, aliishikilia rimoti asiiachie. Alikuwa akitazama bunge kutoka Juneau, mji mkuu wa jimbo. Vijana walitaka mpira, wakanyimwa.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha nini kinagombewa. Kila kiangazi aliletewa samaki na ndugu zake, na siku moja akanionyesha anavyowapasua. Kisu chake kilikuwa cha nusu duara, mpini umekaa juu ya mgongo wa bapa, unakishika kama unayesukuma chapati. Anaondoa kichwa, anapitisha kisu ubavuni mpaka mfupa wa mgongo unatoka mzima, kisha zile pande mbili anaziacha zimeungana mkiani. Halafu anachanja nyama mikato ya kukingama, karibu karibu, bila kugusa ngozi, ili upepo uingie. Samaki anatundikwa mkia juu ya mti, anakaushwa, ndipo anapelekwa kwenye moshi. Kwa mwendo huo anashughulikia samaki mmoja huku mimi bado namtafutia wangu pa kumshika. Chakula cha nyumba nzima mpaka majira ya kuchipua kinatoka hapo, pamoja na musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye umbo la ng'ombe, na sili, mnyama wa baharini, kwa watu wa pwani.

Sasa sheria. Ugomvi wote umelala kwenye katiba ya jimbo. Wajumbe 55 walikaa Fairbanks majira ya baridi ya 1955 na 1956 kuiandika, na kati yao mzawa asilia alikuwa mmoja tu, Frank Peratrovich, Mtlingit. Watu wa Alaska wakati ule walikuwa na hasira na makampuni ya samaki wa makopo, mengi yakiwa na makao yake nje ya Alaska. Makampuni yale yalisimika mitego mikubwa kwenye njia za samoni na kuwazoa kabla hawajafika mtoni kwa wananchi. Kwa hiyo wajumbe wakaandika kwamba samaki, wanyama pori na maji katika hali yake ya asili ni vya watu wote, kwa matumizi ya pamoja. Mitego nayo ikapigwa marufuku. Maneno mazuri, na nia ilikuwa njema. Lakini hayo hayo ndiyo yaliyokuja kumfungia mlango mwanakijiji.

Mwaka 1971 Bunge la Marekani likamaliza madai ya ardhi ya wazawa. Walipewa ekari kama milioni 44 na dola milioni 962.5, na haki yao ya jadi ya kuwinda na kuvua ikafutwa kwa kalamu. Wakabaki na matumaini tu kwamba serikali kuu na serikali ya jimbo zitalinda kitoweo chao. Desemba 1980 ikaja sheria nyingine, iliyosainiwa na Rais Carter. Hii inasema kwamba kwenye ardhi ya serikali kuu, samaki au wanyama wakiwa haba, wanaovua na kuwinda kwa ajili ya kujikimu watangulie, na hao wawe wakazi wa vijijini. Mwanzoni lilizungumzwa fungu la wazawa. Serikali ya jimbo ikaweka mguu chini: katiba yetu haiwezi kutenga watu kwa asili yao. Wakakubaliana kuandika "vijijini".

Hapo ndipo rafiki yako alipopotezwa, mwanangu. Sheria inatazama unalala wapi. Haitazami ulizaliwa na nani. Mwalimu mzungu wa kijijini yumo. Myup'ik aliyehamia Anchorage kutafuta kazi au matibabu hayumo, hata kama wavu ni wa mama yake.

Na kichekesho ni hiki. Jimbo lililokataa asili likataka kijiji, Desemba 1989 mahakama yake ya juu ikakataa na kijiji pia. Katika kesi ya McDowell majaji walisema "watu wote" ni watu wote, wa mjini wamo, na sheria ya jimbo ya kutanguliza wanavijiji ikaanguka. Serikali kuu ilikuwa imeahidi kuliachia jimbo usimamizi wa kila mahali kwa sharti kwamba sheria zifanane. Sharti limevunjika, basi kuanzia Julai 1990 ikachukua yenyewe usimamizi wa uwindaji wa kujikimu kwenye ardhi zake, na ardhi hizo ni kama asilimia 60 ya Alaska yote. Unavuka mstari usioonekana porini, unaingia chini ya bwana mwingine.

Dawa ilikuwa moja: kubadili katiba. Mabadiliko yanahitaji theluthi mbili katika kila baraza, yaani Wawakilishi 27 kati ya 40 na Maseneta 14 kati ya 20, kisha wananchi wapige kura. Ndiyo maana ya vikao maalumu. Gavana anaweza kuwaita wabunge nje ya ratiba yao, kwa siku zisizozidi 30, na wakiitwa naye wanashughulikia alichokitaja kwenye wito tu. Mtu asilete habari ya barabara ya jimboni kwake. Posho inakwenda, lakini mada ni hiyohiyo asubuhi mpaka jioni.

Gavana Cowper aliita 1990, bila mafanikio. Hickel akaita 1992, vilevile. Tony Knowles aliita 1998, akarudia 1999, na 2002 kabla hajaondoka madarakani akaita tena. Juneau haina barabara ya kuiunganisha na sehemu nyingine za jimbo. Unakwenda kwa ndege au meli, kwa hiyo mwanakijiji anayetaka kumtazama mbunge wake machoni alipe nauli kwanza. Mei 1998 maelfu ya wazawa na wenzao waliandamana Anchorage, wazee wengine wakiwa na mavazi yao ya ngozi.

Kikao cha Septemba 1999 kilikuwa na saa inayogonga: tarehe 1 Oktoba serikali kuu ingechukua na uvuvi vilevile. Wawakilishi wakapitisha. Seneti, waliosema ndiyo walikuwa wengi, lakini hawakufika 14. Mama wa jikoni kwetu alizima televisheni, akavaa glovu, akarudi kwenye sinki. Oktoba mosi ikafika na mambo yakawa kama yalivyotangazwa.

Kuhusu wewe. Anchorage, Fairbanks na Juneau hazihesabiwi vijijini, na hata kwa sheria ya jimbo ya 1992 maeneo yanayozizunguka yametengwa kuwa yasiyo ya uvuvi wa kujikimu. Lakini jimbo limeweka uvuvi wa matumizi ya nyumbani kwa wakazi. Ukishaishi Alaska miezi 12 mfululizo, chukua leseni ya uvuvi ya mkazi na kibali, mwezi Julai nenda mdomo wa mto Kenai na wavu wenye mpini mrefu. Mkuu wa kaya ana samoni 25, na kila mtu mwingine wa nyumbani anaongeza 10. Nyumba ya watu sita kama mko wengi ni samaki 75. Kata ncha za mkia palepale ufukweni na uandike idadi kwenye kibali kabla hujaondoka, maana askari wa wanyamapori wanakagua mpaka kwenye maboksi ya barafu. Kuuza hata mmoja ni kosa. Kanuni hugeuka, soma za mwaka huo. Na ripoti irudishe hata kama ulirudi mikono mitupu, wengi wetu hapo ndipo tunapokamatwa.

Swali: Mama, umewahi kugusia habari ya Alaska kwenye ukurasa huu, nami nikauliza sikujibiwa. Hao wabunge waliokataa walikuwa na hoja, au ni ubaguzi tu?
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Samahani kwa kuchelewa. Hoja walikuwa nayo, na si ya kitoto. Walisema: wavuja jasho wapo mjini pia, kwa nini mlalahoi wa Anchorage asubiri nyuma ya mtu wa kijijini mwenye mshahara? Walisema vilevile kwamba kubadili katiba ya jimbo kwa kushinikizwa na Washington ni kuuza uhuru wa jimbo. Nyuma yao walisimama wawindaji wa mjini, wenye kura nyingi, kwa sababu zaidi ya nusu ya watu wa Alaska wanaishi Anchorage na viunga vyake.

Ila tazama hesabu. Katika samaki na wanyama pori wote wanaovunwa Alaska kwa mwaka, kitoweo cha kujikimu ni kama asilimia 1. Uvuvi wa biashara unachukua karibu wote waliobaki. Kwa hiyo mtu wa mjini na mtu wa kijijini waligombana juu ya mabaki ya sahani, na aliyekula sahani alikaa pembeni kimya. Hilo sikulisikia likisemwa sana kwenye ile televisheni.

Hoja ya usawa ni nzuri kwenye karatasi. Mtu wa Anchorage akikosa samoni anazunguka kona anaingia dukani. Kijiji kisicho na barabara, bidhaa zinafika kwa ndege ndogo au kwa jahazi la mizigo mto ukiyeyuka, na bei yake utailia. Ningekuwa Seneta ningepiga kura ya ndiyo. Ningeipiga nikijua kwamba rafiki wa yule Mvuvi wa Uvira bado angebaki nje, kwa sababu hakuna hata muswada mmoja kati ya ile uliogusa hali yake sawasawa. Jumuiya za wazawa zenyewe zilidai fungu la wazawa tangu mwanzo, na zilikubali "vijijini" kwa kukosa jinsi.

Swali: Shikamoo Mama. Kwenye mambo haya nakutana na jina la Katie John. Ni nani, na je, ugomvi umekwisha?
*Mwanafunzi wa sheria, Tanga*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu, na nimefurahi umeuliza, maana bila huyu bibi ile saa ya Oktoba 1999 isingegonga.

Katie John alikuwa mzawa asilia wa kabila la Ahtna, mtu wa kijiji cha Mentasta. Kambi ya samaki ya jamaa zake ilikuwa Batzulnetas, pale kijito cha Tanada kinapoingia mto Copper. Mwaka 1964 jimbo liliufunga uvuvi pale. Miaka ishirini baadaye yeye na mzee mwenzake, Doris Charles, waliomba ruhusa kwa bodi ya uvuvi ya jimbo, wakakataliwa, ilhali kule chini mtoni wafanyabiashara na wavuvi wa burudani walikuwa wanavuna samoni walewale wakiwa njiani kupanda. Akaenda mahakamani, dhidi ya jimbo kwanza, kisha dhidi ya serikali kuu iliyodai kuwa maji hayaingii kwenye "ardhi" yake. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema maji ambayo serikali kuu ina haki nayo yamo. Hapo uvuvi ukafuata nyayo za uwindaji.

Jimbo lilikata rufaa na kurudia. Mwaka 2001 Gavana Knowles alikwenda mwenyewe kambini kwa bibi, akakaa naye, na aliporudi akatangaza kwamba jimbo halitaipeleka kesi Mahakama Kuu ya Marekani. Wapinzani wake walimwita msaliti. Bibi alifariki 2013, akiwa na miaka 97.

Umekwisha? Hata kidogo. Mwaka 2021 jimbo lilifungua sehemu ya Kuskokwim kwa Mwalaska yeyote wakati serikali kuu imeifungua kwa wanavijiji peke yao. Mvuvi ameshika tangazo mbili zinazopingana, wavu uko ndani ya mtumbwi. Serikali kuu ikalishtaki jimbo 2022, na Agosti 2025 mahakama ileile ya rufaa ikaipa ushindi, ikisema hukumu za Katie John bado zina nguvu. Ukiwa unasomea sheria, itafute hukumu hiyo uisome pamoja na ya Sturgeon ya 2019, iliyotokana na mwindaji wa musi na chombo chake cha kuelea juu ya maji. Mahakama Kuu ilimpa haki mwindaji, lakini kwa maelezo mafupi chini ya ukurasa ikasema haigusi habari ya uvuvi wa kujikimu. Mawakili wameishi kwa maelezo hayo.

Na huko Yukon, Alaska na Kanada zilikubaliana 2024 kusimamisha kwa miaka 7 uvuvi wa samoni mfalme, yule mkubwa kuliko wote. Marufuku hiyo haichagui mjini wala kijijini.