Maswali yenu: PhD ng'ambo, njia si moja

Nina digrii ya kwanza ya kemia tu. Ni lazima nipitie uzamili?

Inategemea unakwenda wapi. Marekani vyuo vingi hukuchukua hivyo hivyo: miaka miwili hivi ya mwanzo unakaa darasani, unafanya mtihani wa kufuzu, ndipo utafiti unashika kasi. Hesabu miaka mitano au sita. Kwenye sayansi, chuo kwa kawaida hukusamehe ada na kukupa posho, nawe unasaidia kufundisha au kufanya kazi za maabara. Ujerumani na Uholanzi, kwa kawaida watakuuliza kwanza cheti cha uzamili.

Mimi ni mhadhiri msaidizi Morogoro, nina watoto watatu. Miaka minne nje haiwezekani.

Dada, si lazima ukae nje yote. Chuo cha Wageningen, Uholanzi, kina mpango wa kwenda na kurudi: unaanza kule kwa kuandaa andiko la utafiti, unarudi nyumbani kukusanya data, kisha unakwenda tena kumalizia tasnifu na kuitetea. Digrii ni ya Wageningen. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mtindo mwingine: unabaki umesajiliwa chuo cha nyumbani, unakaa Uingereza hadi miezi 12 na kuwa na msimamizi huku na kule, na digrii inatolewa na chuo chako.

Kinachowakwamisha wengi ni kile kipindi cha katikati. Ukirudi tu, idara inakurundikia vipindi na mitihani ya kusahihisha, data inalala kabatini. Pata barua ya mwajiri ya kukupunguzia kazi kabla hujapanda ndege. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huwa haifiki semista ya pili.

Ujerumani ni bure kweli?

Ada, vyuo vingi vya umma havitozi. Mchango wa kila muhula unalipa, na gharama za kuishi ni juu yako, labda upate ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, au mkataba wa ajira chuoni. Ila kwa njia ya kawaida, msimamizi hutangulia usajili. Mwandikie profesa ukitaja makala yake uliyoisoma na swali unalotaka kulichunguza. "Mheshimiwa, naomba nafasi" hajibu mtu.

Kuna chuo mtandaoni kinatoa PhD kwa mwaka mmoja. Nilipe?

Waulize kwanza TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, au CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, ukiwa Kenya, kama wanaitambua digrii hiyo. Kabla ya shilingi ya kwanza.